Mbwa Mzee wa Nyumbani: Kutofautisha Uzee, Ugonjwa na Wakati wa Kuagana

Wenye mbwa wazee hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaosema "ni uzee tu" kwa kila dalili, wakamwacha mnyama aishi na maumivu ambayo yangetulizwa kwa dawa, na wapo wanaoona dalili moja ya kutisha wakaamua siku hiyohiyo kwamba mwisho umefika, kumbe chanzo kilikuwa kitu cha kupita. Mwongozo huu unafuata dalili zenyewe, kuanzia zile zinazowaponza watu zaidi, na kueleza ipi inahitaji daktari wa mifugo usiku huohuo, ipi inaweza kusubiri, na ipi inaonyesha kwamba jambo lililobaki si tiba tena bali ni namna ya kumuaga mbwa kwa sindano ya daktari bila kumtesa.

Umri peke yake haujibu swali hilo. Mbwa wenye miili mikubwa huzeeka mapema, na wale wakubwa kupindukia huhesabiwa wazee wakiwa na miaka 6 au 7, ilhali mbwa wadogo wengi hawafiki hatua hiyo mpaka miaka 10 au zaidi, na baadhi yao huvuka 15. Mbwa wawili wenye miaka 9 wanaweza kuwa mmoja yuko katikati ya maisha yake na mwingine yuko ukingoni.

Chukua vipimo angali mzima

Katika wiki ambayo mbwa wako yuko salama, mhesabie pumzi akiwa amelala usingizi mzito: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Mbwa mzima hupumua chini ya mara 30 kwa dakika akiwa usingizini. Inua mdomo wa juu utazame ufizi, ambao unapaswa kuwa na rangi ya waridi isipokuwa kwa mbwa mwenye ufizi mweusi wa asili; bonyeza kwa kidole mpaka papauke, achia, na rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mpime uzito pia, hata kama ni kwa kupanda naye kwenye mizani ya watu na kuondoa uzito wako. Andika tarehe na vipimo hivyo mahali pasipopotea, kwa sababu vitakuwa na thamani kubwa siku utakayokuwa umeshtuka.

Anashindwa kuinuka, au miguu ya nyuma inalegea

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu wengi waanze kufikiria kuagana, nayo ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa mbali lakini vinavyotofautiana sana vikitazamwa kwa karibu.

Kilicho cha kawaida zaidi ni yabisi ya viungo, yaani kulika kwa gegedu za nyonga, magoti, viwiko au mgongo. Mbwa wa namna hii huinuka kwa taabu asubuhi au baada ya kulala muda mrefu, hupiga hatua fupi za kukakamaa, kisha hulegea akishatembea kidogo. Baridi humzidishia, na siku inayofuata mchezo mwingi huwa mbaya kuliko siku ya mchezo wenyewe. Aghalabu hulamba kiungo kimoja mpaka manyoya ya mahali hapo yakabadilika rangi. Usisubiri kumsikia akilia, kwa maana maumivu ya kudumu mara chache humliza mbwa. Humfanya atwete akiwa kivulini, ang'ake akiguswa kiunoni, au aache kuja mlangoni kukulaki, na mambo hayo matatu ndiyo ambayo wenye nyumba huyaita ukimya wa uzee.

Chanzo cha pili ni kuchomoza kwa diski ya uti wa mgongo, ambayo huwapata zaidi mbwa wenye mgongo mrefu na miguu mifupi. Huja kwa ghafla, pamoja na mgongo uliokunjamana na kilio akiinuliwa, na ikiwa miguu imepooza kabisa, basi saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena. Huyu hangoji asubuhi.

Cha tatu hakina maumivu, na ndiyo maana huchelewa kutambuliwa. Ni kudhoofika kwa neva za uti wa mgongo, ugonjwa ambao kwa kawaida huanza baada ya miaka 8 na unaojulikana sana kwa mbwa aina ya German Shepherd, ingawa huwapata wengine pia. Mara nyingi husikika kabla ya kuonekana: kwenye sakafu ya saruji kucha za mguu mmoja wa nyuma huanza kukwaruza kila hatua ya pili au ya tatu, na ukizitazama utaona kucha mbili za katikati zimesagika kwa juu kuliko nyingine. Mshikilie asimame, kisha geuza wayo wake ili upande wa juu ndio uguse sakafu. Mbwa mwenye neva nzima ataurudisha papo hapo, lakini huyu ataukawiza au atauacha hivyohivyo kana kwamba si wake. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuuondoa, na huendelea kwa miezi mpaka miguu ya nyuma ikapooza, hivyo mwenye mbwa anakuwa na muda wa kujiandaa, jambo ambalo magonjwa mengine hayampi.

Tofauti baina ya vyanzo hivi ina maana kubwa, kwa sababu yabisi hutulizwa vizuri sana. Daktari akishapima damu kuona hali ya figo na ini, anaweza kumwandikia mbwa dawa za maumivu zinazomfaa, kama karprofeni au meloksikamu, ambazo hazichanganywi na steroidi. Mimi hupendelea jaribio la wiki mbili: mpe dawa kama ilivyoelekezwa, usibadilishe jambo lingine lolote, kisha uone kama ameanza tena kupanda ngazi au kukulaki. Akibadilika, basi ulichokiita uzee kilikuwa maumivu. Zaidi ya hapo, mpunguze uzito kama ni mnene, na utandike mikeka kwenye sakafu inayoteleza, maana mbwa mwenye nyonga mbovu hupoteza nguvu nyingi kwa kuogopa kuanguka tu.

Usimpe dawa ya binadamu kutoka kabatini kwako. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Mbwa wazee kadhaa hufikishwa kwa daktari wakiwa mahututi kwa sababu ya kidonge kilichotolewa kwa mapenzi.

Ameamka kichwa kimepinda na anaanguka ovyo

Mbwa wangu, dume aliyekuwa na miaka 12, aliamka asubuhi moja akaanguka ubavu mara tatu kabla ya kulifikia bakuli la maji. Kichwa kilikuwa kimelalia bega la kushoto, na macho yalikuwa yakicheza upande huu na upande ule kama ya mtu anayesoma gazeti kwa haraka. Nilidhani ni kiharusi, na nakiri kwamba kabla ya saa nne nilikwisha kuchagua mti ambao ningemzika chini yake. Daktari alimtazama ndani ya masikio, akamjaribu miguu mmoja mmoja, akatikisa kichwa na kuniomba nisubiri siku tatu. Siku ya nne alisimama mwenyewe. Aliishi miezi 14 zaidi, kichwa kikiwa kimeinama kidogo, jambo lililompa sura ya mtu anayetilia shaka kila anachoambiwa.

Chanzo kilikuwa hitilafu ya mfumo wa usawa ulioko kwenye sikio la ndani, ambayo kwa mbwa wazee hutokea ghafla bila sababu inayoonekana. Macho kwa kawaida huanza kutulia ndani ya saa 72, na mwendo hurejea katika wiki 2 au 3. Katika siku za mwanzo mbwa hupata kichefuchefu kama cha msafiri wa baharini, hivyo huhitaji dawa ya kuzuia kutapika, maji ya kupewa kwa mkono, na kuzibiwa njia ya ngazi. Uchunguzi wa daktari bado ni wa lazima, kwa kuwa maambukizi ya sikio huleta sura hiyohiyo, na kwa kuwa mbwa ambaye macho yake yanacheza juu na chini, au ambaye upande mmoja wa mwili umedhoofika, au ambaye hana nafuu yoyote baada ya siku kadhaa, huenda ana tatizo la ubongo. Lakini kumuaga mbwa siku ya kwanza ya dalili hii ni kosa ambalo halirekebishiki, na hutendeka mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Hatulii usiku, anaukodolea ukuta macho

Kabla ya kuulaumu ubongo, ondoa kwanza sababu nyingine: maumivu yanayomzuia kulala upande mmoja, kibofu kinachomwamsha, shinikizo la damu, au upofu na uziwi vinavyomtia hofu gizani. Vikishaondolewa hivyo, kinachobaki mara nyingi ni kuchakaa kwa akili kunakofanana na kule kwa wazee wa binadamu. Mbwa huyu hubadilisha mchana na usiku, husahau mafunzo ya kujisaidia nje, huingia kwenye pembe ya chumba akashindwa kurudi nyuma, na husimama mlangoni kwa upande wa bawaba akisubiri ufunguke hapo. Ratiba isiyobadilika, matembezi mafupi ya mchana, taa hafifu usiku, na kwa baadhi ya mbwa dawa iitwayo selegilini, huweza kumpunguzia wasiwasi kwa muda, ingawa ugonjwa wenyewe haurudi nyuma. Niongeze kwamba usingizi wa watu wa nyumbani nao ni sehemu ya hesabu hii. Familia ambayo haijalala kwa miezi haitoi uamuzi mzuri, wala haimtunzi mbwa kwa upole.

Anakunywa maji kupita kiasi, au anakojoa ndani

Pima maji kwa saa 24: jaza bakuli kwa kiasi unachokijua, kisha pima kilichobaki. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, yaani zaidi ya lita 1 kwa mbwa wa kilo 10, ni dalili ya ugonjwa. Washukiwa wakuu ni figo, kisukari, na tezi za juu ya figo zinazozalisha homoni kupita kiasi. Kuhusu figo, ni vyema kujua kwamba kreatinini, kipimo cha damu kinachotumika sana, huanza kupanda pale ambapo takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, hivyo kipimo cha mkojo kifanyike pamoja na cha damu. Lishe yenye fosforasi kidogo na dawa za kichefuchefu humwongezea mbwa huyu muda wenye raha.

Kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, kunywa maji mengi wiki chache baada ya joto lake, yaani kipindi cha kutaka dume, pamoja na unyonge au kutapika, kunaweza kumaanisha mji wa mimba uliojaa usaha, hata kama hakuna uchafu wowote unaotoka nje. Hiyo ni dharura ya upasuaji.

Jike aliyefungwa kizazi ambaye huamka mahali alipolala pameloa, ilhali anakunywa maji kama kawaida, mara nyingi ana ulegevu wa msuli wa mlango wa kibofu, ambao hutibika kwa vidonge vya kila siku. Nalitaja hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wakifikiria kumuaga mnyama mzima wa afya kwa ajili ya zulia.

Amekataa chakula

Tazama namna anavyokataa. Anayekimbilia bakuli, akachukua tonge na kulidondosha, huenda ana tatizo mdomoni, na katika meno 42 ya mbwa mzima si ajabu mawili au matatu yakawa yameoza bila mtu kuyaona. Anayenusa, akajilamba midomo na kugeuza uso, ana kichefuchefu, na hapo huchunguzwa figo, ini na kongosho. Asiyeinua hata kichwa ana homa, maumivu makali, au ugonjwa mzito zaidi kama saratani. Siku nzima bila kula inatosha kumpigia daktari simu. Kinyume chake hakina uhakika: wapo mbwa wanaokula mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo "bado anakula" hakuthibitishi kwamba hateseki.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Tumbo linapovimba na mbwa akajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo lake huenda limejipinda, na bila upasuaji wa haraka hufa. Ufizi wa rangi ya samawati unaonyesha ukosefu wa hewa. Pumzi za usingizini zilizopanda juu ya 30 na kubaki huko, hasa pamoja na kikohozi cha usiku, huashiria moyo unaoshindwa kazi. Ikiwa ufizi una rangi nzuri na mbwa ametulia, mpeleke siku hiyohiyo, lakini akihema kwa kuinua tumbo na kunyoosha shingo, mpeleke sasa hivi.

Inayodanganya kuliko zote ni kuanguka kwa ghafla pamoja na ufizi mweupe. Kwa mbwa mkubwa aliyezeeka, uvimbe wa bandama unaweza kupasuka na kuvuja damu ndani ya tumbo. Uvujaji ukikoma, baada ya saa chache mbwa huinuka, hunywa maji, na familia hushukuru Mungu kwamba imepita. Kisha hurudia. Ufizi ukiwa mweupe, mpeleke hata kama ameinuka, na uende ukiwa unajua kwamba huenda ukaombwa uamuzi usiku uleule.

Macho yenye ukungu wa kibuluu kwa kawaida ni lenzi iliyokomaa, haimpofushi mbwa, wala si mtoto wa jicho. Vinundu laini chini ya ngozi mara nyingi ni mafuta tu, lakini kinundu hakitambuliki kwa kushikwa; sindano nyembamba ya daktari ndiyo itakayosema.

Dalili zimekuwa nyingi na hujui kama wakati umefika

Daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mizani inayotumika katika nchi nyingi. Mambo saba, ambayo ni maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na wingi wa siku njema kuliko mbaya, kila moja hupewa alama kutoka 0 hadi 10, 10 ikiwa hali njema kabisa, na jumla inayozidi 35 huhesabiwa kuwa maisha yanayovumilika. Mizani hiyo inasaidia, ila ina kasoro moja: anayeijaza anampenda mbwa, na mapenzi huongeza alama. Mwombe mtu asiyemwona kila siku aijaze pia, kisha linganisheni.

Mimi hutegemea zaidi kalenda ya ukutani. Kila jioni weka alama ya siku njema au mbaya kwa kipimo ulichokiandika mapema, yaani mambo matatu ambayo mbwa huyu hasa aliyapenda, kama kubeba kiatu, kubweka kwenye lango, au kulala miguuni pa mtoto. Siku ambayo hakufanya hata moja ni mbaya, hata kama alikula. Siku mbaya zikifika nne au tano kila wiki, kwa wiki mbili mfululizo, na dawa zimekwisha kurekebishwa, ongea na daktari kuhusu kuagana. Mpigie picha za video nyumbani, kwa sababu mbwa akifika mahali pageni huchangamka kwa hofu na kuonekana mzima.

Watu wengi husubiri mbwa afe usingizini. Hutokea, lakini si mara nyingi. Figo, moyo na saratani kwa kawaida humaliza kwa siku kadhaa za kutapika, kukosa pumzi au maumivu. Na pale fedha za matibabu zinapokwisha, hilo nalo ni sababu halali ya kuzungumza na daktari mapema badala ya kujificha nalo.

Siku yenyewe, na mambo yanayoshtua

Kwa kawaida daktari humpa mbwa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha huweka kanula, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa mguu wa mbele na kumchoma pentobarbitali, dawa ya usingizi, kwa kipimo kikubwa. Fahamu hupotea kwa sekunde chache, na moyo husimama kwa dakika chache. Mshipa ukikosekana, chanzo mara nyingi ni upungufu wa maji mwilini au shinikizo la chini la damu, na daktari atatafuta mguu mwingine. Haimaanishi kwamba mbwa anagoma kufa. Macho kubaki wazi, mkojo kutoka, misuli kutetemeka, au pumzi moja au mbili za kina baada ya moyo kusimama, yote hayo hutokea mbwa akiwa hana fahamu. Waambie waliopo chumbani kabla, ili wasidhani ameamka.

Mtoto asiambiwe kwamba mbwa "amelala", maana ataogopa kitanda chake mwenyewe au atakaa akimsubiri. Mwambieni amekufa, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi na hausikii maumivu.

Mwili wenye pentobarbitali ni sumu kwa mnyama yeyote atakayeufukua, kwa hiyo uzikwe mbali na maji, kwa kina kisichopungua mita 1, au uchomwe kwa kufuata taratibu za mahali. Dawa zilizobaki zirudishwe kwa daktari.

Mbwa aliyebaki hali wala hachezi

Ukiweza, mruhusu aunuse mwili wa mwenzake. Kupoteza hamu kwa siku chache ni jambo la kawaida, lakini asipokula kabisa kwa siku mbili apimwe, kwa kuwa naye huenda ni mgonjwa na kila mtu amekwisha kuamua kwamba ni huzuni. Usimletee mtoto wa mbwa kwa haraka, wala usiyafue matandiko ya marehemu wiki ya kwanza. Jike wangu alilala juu ya blanketi la yule dume mwenye kichwa kilichoinama kwa siku 19, na usiku wa 20 alihama mwenyewe, akajilaza mlangoni mahali ambapo mwenzake alikuwa akilala.